Bunduki Zilizopita Mezani Pangu

Semeni kwa sauti, wanangu. Sikio la kulia lilikufa zamani, na la kushoto husikia likipenda. Hiyo ndiyo pensheni ya fundi wa bunduki, na ni ile moja ambayo haichelewi.

Mimi ni Lomuria. Nilifanya kazi katika ghala la silaha la polisi hapa Lodwar tangu ujana wangu hadi 2013, mwaka ule tulipopiga kura na kuambiwa kwamba sasa tuna kaunti yetu. Sikuwa askari wa gwaride. Bunduki iliyogoma, iliyovunjika, iliyookotwa korongoni, iliyosalimishwa kwa machozi au kunyang'anywa kwa nguvu, zote zililetwa mezani pangu, nami nikasema ni nzima au ni ya kukatwa. Kazi ilikuwa hiyo tu.

Mmeniomba mara nyingi niwasimulie nami nikawakwepa. Mwalimu ana wanafunzi wa kujivunia, mkunga ana watoto wa kuonyesha. Mimi nionyeshe nini? Lakini naona wengine wenu mnaenda kujiandikisha polisi, na wengine mnapewa bunduki vijijini hata kabla ya kitambulisho. Basi kaeni. Nitasema mpaka nichoke, na siku hizi huchoka upesi.

Aliyenifundisha alikuwa sajenti mmoja Mkamba, Mutiso, mtu mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Siku zangu za kwanza nilitaka kumfurahisha. Nikachukua bunduki, nikaipaka mafuta ndani na nje hadi ikang'aa kama kichwa cha mtoto aliyeogeshwa. Mutiso aliibeba nje, akaiegemeza ukutani, akarudi kunywa chai yake. Nyinyi mnajua upepo wa Lodwar. Chai ilipokwisha aliniletea ile bunduki ikiwa imevaa mchanga kila mahali.

"Umepika mandazi," akaniambia. "Umenyunyiza na sukari. Sasa kula."

Niliisafisha hadi jioni. Tangu hapo nikajua kwamba vitabu vya wazungu kuhusu mafuta viliandikwa mahali penye mvua. Huku kwetu unapaka kidogo, unafuta, halafu unafuta tena kana kwamba unajuta.

Jambo la pili alinifundisha mbele ya chifu mmoja. Chifu alikuja na bunduki yake akaibwaga mezani, mdomo ukinitazama tumboni. "Haina kitu," akasema. Mutiso akausukuma mtutu ukaangalia ukuta, akafungua, akatia kidole chake kidogo ndani pale risasi hulala. Akakitoa, kisha akaitoa na risasi yenyewe, akaisimamisha mbele ya chifu kama glasi ya maji. Yule chifu alikaa sakafuni bila kutafuta kiti. Nimewaona watu wengi waliouawa na bunduki ambayo haikuwa na kitu. Msimwamini mtu, na hata macho yenu msiyaamini. Kidole hakidanganywi.

Bunduki zina ukoo kama watu, na ukoo wenyewe niliujua kwa kuufungua kwa bisibisi.

Babu yangu alisimulia kuhusu gobore, zile zilizokuja na wafanyabiashara wa pembe na watu wa Habeshi. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia, unatia risasi, unaomba. Mwenye gobore, babu alisema, alikuwa mtu mkubwa kwa mlio mmoja, na baada ya hapo alikimbia kama sisi wengine. Moja iliwahi kuletwa mezani kwangu, ndefu kuliko mimi, na ndani yake nyuki walikuwa wamejenga.

Kisha ikaja bunduki ya Mwingereza ambayo sote tuliita Mak-Foo. Mbao hadi karibu na mdomo, na bolti ya kuvutwa kwa mkono kila unapotaka kupiga. Ni nzito, na inapiga mbali na kwa usahihi. Nyakati zake wapigaji walijulikana kwa majina. Mtu akianguka, wazee walijua ni mkono wa nani uliopiga, wakamwita, wakazungumza mambo ya ng'ombe wa fidia. Haikuwa amani, lakini kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Halafu watu wa ng'ambo ya mpaka wakagundua kwamba bomba la maji linafanana na mtutu. Bunduki yao iliyoletwa kwetu ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mutiso alikataa hata kuigusa. "Hii haijui adui ni yupi," alisema. Aliyekuja nayo alikuwa na shimo shavuni, likathibitisha maneno yake.

G3 ilifuata, bunduki ya polisi wetu. Hakuna ubao wa kusifiwa, ni bati lililokandamizwa na plastiki, lakini inajifungua na kujifunga yenyewe kwa nguvu za risasi yake. Ganda lake hutoka na mistari myeusi mwilini, hivyo ukiliokota njiani unajua ni nani amepita. Inapiga bega kama punda.

Kisha serikali za majirani zikaanguka, moja baada ya nyingine, na AK zikatujia kama nzige. Nilipoifungua ya kwanza nilidhani imeharibika. Ilikuwa imelegea, inachezacheza, ukiitikisa inalia kama kopo la misumari. Mutiso akachota konzi ya mchanga akaimwagia ndani, akaitikisa, akaenda kupiga. Ikalia bila kukosa. Alirudi amenuna. "Imekwisha kazi yetu," akasema. Nilidhani ana maana kwamba bunduki isiyoharibika haihitaji fundi. Baadaye nikaelewa. Mak-Foo ilimtaka mtu ajifunze kwa misimu mingi kabla ya kumpiga mwenzake. Hii ilitaka alasiri moja. Na baada yake hakuna aliyeweza kusema ni mkono wa nani uliopiga.

Mutiso alistaafu, akarudi kwao Machakos, akafa huko. Mimi nikabaki na meza na tupa zake.

Sasa niwaambie kuhusu Ekal, kwa maana ndiye hasa ninayemfikiria nikiamka.

Mwaka 2012 mafuta yalipatikana upande wa Lokichar, na barabara ikajaa magari ya wakandarasi. Askari wa akiba, wale wanavijiji wanaopewa bunduki na serikali walinde mifugo na watu wao, wengi walitoroka na bunduki hizo wakawa walinzi wa kambi za wageni. Uchaguzi nao ulikuwa unakaribia. Amri ikatoka kwamba silaha zote za askari wa akiba zikaguliwe. Niliamriwa kwenda upande wa Kakuma pamoja na Inspekta Chebet, afisa kijana, mwanamke wa maneno machache. Alinipenda kwa sababu sikumwita "binti", nami nilimpenda kwa sababu alinibebea sanduku langu la vifaa bila kuombwa.

Katika kijiji kimoja kaskazini mwa Kakuma tulimkuta Ekal. Mrefu, mwembamba, amevaa fulana ya kwaya ya kanisa, shuka begani na viatu vya tairi. Hakuwa ametoroka kwenda kwa wakandarasi.

"Ejok, apa," alinisalimu kwa Kiturkana, akiniita baba.

"Ejok-noi," nikamjibu.

Akanipa Mak-Foo yake. Mbao zilikuwa laini kwa kushikwa, mkanda wa ngozi ya mbuzi. Nikaifungua. Bolti ilicheza mahali pasipostahili kucheza. Nikamwomba anionyeshe ganda la risasi aliyopiga mwisho, kwa maana mtu wa Mak-Foo hatupi ganda. Lilikuwa na ufa karibu na kitako. Maana yake chuma kimechoka, hakibani tena, na siku moja moto ule ungerudi nyuma ukamkuta shavu likiwa limelala kwenye ubao.

Lakini ndani ya bolti hiyohiyo kulikuwa na kitu kilichonishangaza. Ule ukucha mdogo wa kuvuta ganda ulikuwa mpya, umechongwa kwa tupa, kwa mkono wa mtu anayejua. Kipande kile hakikutoka kiwandani, na kwangu hakikutoka.

"Nani alitengeneza hii?" Chebet akauliza.

Ekal akawatazama mbuzi wake. "Mimi sijui, madam. Bunduki ni ya serikali. Labda serikali ndio ilitengeneza."

Dereva wetu akacheka hadi akakohoa. Chebet hakucheka, wala hakufoka. Alisimama tu akingoja. Aliyejibu ni mke wa Ekal, Akiru, aliyekuwa akikamua mbuzi karibu nasi.

"Ni yule fundi ya baiskeli kule kambi, ule mtu ya Sudani," akasema bila kugeuka. "Mwambie tu. Kwani ameiba?"

Kambi ni ile ya wakimbizi ya Kakuma. Huyo fundi tulimpata bila shida, kwa jina la Deng, amekaa chini ya kipande cha turubai na gurudumu mapajani. Mkono wake wa kushoto ulibaki na gumba na vidole viwili. Alipoona sare ya Chebet aliweka spana chini taratibu, akaifuta mikono, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo.

Eleweni hatari yake. Mkimbizi akishikwa na kesi ya bunduki anafungwa, na Deng alikuwa na mke na watoto ambao majina yao yalikuwa yameshakubaliwa kuhamia nchi ya mbali. Wangebaki wote hapo kwa ajili ya kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole.

"Kule msituni mimi nafanya kazi ya bunduki wakati wa vita yote," alituambia, bila kukana. "Hii vidole ilienda huko. Nikaapa kwa Mungu, bunduki kalas. Huyo mtu alikuja, nikamwambia toka. Akakaa chini. Nikamwambia hii itakula uso yako, rudisha kwa serikali. Akasema serikali iko mbali. Mimi nina watoto, yeye ana watoto. Nikachonga hiyo moja. Bas."

Chebet akanigeukia. "Mzee Lomuria, hiyo bunduki hali yake ikoje?"

"Ni ya kukatwa, afande. Leo, si kesho."

"Ikikatwa, vipande vyake vinaenda wapi?"

"Kwenye chuma chakavu, vyote pamoja."

"Na kile cha mkono?"

"Nacho kimo humohumo."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwangalia Deng. "Mimi nimemwona fundi wa baiskeli. Gari letu lina tairi la akiba lenye pancha. Unaweza?"

Deng aliziba ile pancha. Alipomaliza aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ya mzee, sasa mtampa gani?"

"G3."

Akasikitika, akatazama gurudumu lake. "Ile ya zamani hakuna mtu anaitaka. Mwizi anaipita. Hii mpya kila mtu anaitaka. Nyinyi mnampa bunduki, au mnampa wageni?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba anasema kweli, na kwamba ukweli wake haukuwa na mahali katika amri niliyopewa. Siwezi kumwachia mtu bunduki itakayomlipukia usoni. Siwezi pia kumwacha mikono mitupu mahali pale. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na G3.

Tukampa Ekal hiyo G3 kituoni Kakuma. Nilimfundisha alasiri nzima. Alipopiga ya kwanza alirudi nyuma akaitazama kana kwamba imemtukana. Kila alipomaliza aliinama akaokota maganda yake, mazoea ya zamani, na yale maganda yalikuwa yametupwa mbali, akawa anatembea mchangani kuyatafuta. Mak-Foo yake niliikata kwa msumeno mbele yake, kama sheria isemavyo. Aligeuza mgongo hadi nilipomaliza.

Uchaguzi ukapita. Tukapata gavana, tukapata mabango. Chebet akahamishiwa Lodwar. Mimi nikaanza kupanga vifaa vyangu, nikimtafuta wa kumwachia tupa za Mutiso.

Asubuhi moja dereva aliniita langoni. Ekal alikuwa amesimama pale na Akiru na watoto wao, miguu yao imekuwa rangi ya barabara. Walikuwa wamepata gari la mizigo kutoka Kakuma, ambako polisi walimwambia suala lake ni kubwa, aende makao makuu. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa shuka. Akakifungua. Lilikuwa kasha la risasi za G3, lile linalochomekwa chini ya bunduki, limejaa. Bunduki haikuwepo.

Mkuu wa kituo aliketi na Chebet, mimi nikaitwa kama fundi nithibitishe lile kasha ni la bunduki gani. Ekal alisimulia kwa Kiswahili chake, na palipomshinda Akiru alijazia.

Wavamizi walikuja kukipambazuka, wakati Akiru anakamua. Walikuwa wengi, na wote walikuwa na AK. Hawakwenda kwa mbuzi. Walisimama nje ya ua wa miiba wakapiga kelele, "Leta bunduki!" Walijua ni ya aina gani na iko kwa nani. Ekal alikuwa amelala nyuma ya miiba, kidole tayari, na nyuma yake ni kibanda cha fito ambamo watoto walikuwa wamelala. Wakati huo, alisema, walikuwa wameamka, aliwasikia wakinong'ona.

Alichomoa kasha la risasi, akalitupa kwa nguvu upande wa lugga, ule mto mkavu, huko mchangani. Kisha akasimama, akaiinua bunduki juu kwa mikono miwili, akatoka, akailaza njiani. Akawapa mgongo, akarudi kwake. Wakaichukua, wakachukua na mbuzi kadhaa, wakaenda. Jua lilipopanda alifukua mchanga hadi akalipata lile kasha, akaanza safari ya kuja kujishtaki.

"Serikali ilikupa bunduki ya kulinda watu," mkuu alisema, "wewe ukawapa wezi kama zawadi. Unajua wewe ni mwoga?"

Akiru akaweka mtoto chini. "Mwoga angekimbia," akasema. "Huyu alitembea."

Mkuu akanigeukia. "Fundi, angepiga ingekuwaje?"

Nikamwambia nilichojua. Kwamba G3 mkononi mwa mtu aliyeizoea kwa miezi michache hupanda juu ikifyatuliwa mfululizo, na kasha huisha kabla hujavuta pumzi ya pili. Kwamba angeangusha labda mmoja, labda wawili. Kwamba wale waliobaki wangejibu wote kwa pamoja. "Na fito hazizuii risasi, afande," nilisema. "Hata upepo haziuzuii."

Baadaye mkuu akaamuru Ekal awekwe ndani uchunguzi ufanyike, maana kupoteza bunduki ya serikali si mchezo. Chebet aliandika taarifa yake kama mambo yalivyokuwa, bila kuongeza na bila kupunguza, na akaenda nayo mwenyewe kwa wakubwa. Akiru alilala kwa jamaa zake na kila mchana alileta uji. Hatimaye wakamwachilia Ekal, wakafuta jina lake miongoni mwa askari wa akiba, wakamwonya asishike tena silaha ya serikali. Ile G3 haikupatikana. Iko mahali fulani hadi leo mikononi mwa mtu, na mtu huyo alishapata kasha lingine, kwa maana si vigumu kulipata. Sijifichi na hilo, na nyinyi msijifiche. Deng naye, nilivyosikia mara ya mwisho, familia yake ilisafiri yote pamoja.

Siku Ekal alipotoka nilimsindikiza hadi langoni. Akiru na watoto walikuwa wakingoja ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeishi na bunduki maisha yangu yote, na kuna jambo nililotaka kulijua kwa ajili yangu tu, si kwa ajili ya taarifa yoyote.

"Ekal," nikamwambia kwa lugha yetu, "ingekuwa ni ile Mak-Foo, ungepiga?"

Alifikiri sana. "Apa, pengine ningepiga. Ile unapiga moja, halafu unavuta bolti. Wakati unavuta, unawatazama watu, nao wanakutazama, mnaweza wote kubadilisha mawazo. Hii yako haina pahali pa kufikiri katikati. Kwa hivyo nikafikiri kwanza."

Kisha akavuka barabara, akampandisha mtoto mdogo begani, na wote wakashika njia ya sokoni kutafuta gari la kurudi.